Geuka Leo, Konzi Moja Yatosha!

Ewe unayesoma, unajua! Umeambiwa kliniki, umesikia redioni, umemzika ndugu aliyeanguka kwa presha. Na bado saa nne asubuhi mkono wako unakwenda kwenye soda!

Itazame chupa hiyo. Mililita 350, na katika soda nyingi sukari inazidi gramu 30! Unainywa, unacheua, unasema utaacha mwezi ujao. Mwezi upi?

Na nje ya duka hilo hilo ameketi mama na ungo wa karanga. Unampita! Unazipita korosho za Mtwara, unazipita tende, unaipita afya yako mwenyewe!

Simama! Mwaka 2013 watafiti wa Hispania walitangaza waliyoyaona kwa watu zaidi ya 7,000 walio hatarini kuugua moyo. Kundi moja lilishika mboga, kunde, samaki, na kila siku gramu 30 za lozi na kokwa za jamii yake. Kiharusi kilipungua katika kundi hilo! Mwaka 2018 hesabu zikafanywa upya, jibu likabaki lile lile. Gramu 30! Konzi moja tu!

Basi kula! Lozi huna? Karanga unazo! Twanga karanga, zitie kwenye kisamvu, zitie kwenye mchicha, zikoroge kwenye uji wa mtoto. Mtoto mdogo usimpe nzima, zitamkaba. Biskuti za saa kumi ziache, chukua tende tatu. Tatu, si sahani, maana nazo zina sukari, ila zinakuja na nyuzinyuzi na potasiamu ambazo biskuti haikupi.

Lakini sikia hatari, nawe mama wa jikoni sikia zaidi! Zile karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizoota ukungu, unazitenga wapi? Nzuri unazikaanga za wageni, mbovu unazisaga za mboga. Unawalisha wanao sumukuvu, sumu ya ukungu huo!

Usijidanganye kwa moto. Kukaanga hakuimalizi, kuchemsha hakuimalizi, chumvi haiigusi! Inaingia kimya, inalikalia ini, miaka inapita, saratani inazuka. Na ikiwa nyingi haingoji miaka: mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumu hii iliyokuwa kwenye mahindi. Ukungu uleule unapenda karanga zilizoanikwa chini na kufungwa mbichi mbichi guniani.

Chambua! Tupa! Usizisage, usiwape kuku, usimuuzie jirani. Unaumia kwa hasara ya kilo moja? Hasara ya ini utailipa kwa nini?

Umeshasema kesho mara nyingi mno. Soda ya leo ibaki dukani. Nenda kwa yule mama, nunua karanga kavu, zimwage kwenye ungo, zichambue moja moja mchana kweupe, na konzi yako ya kwanza uile kabla jua halijatua!