Sili na Kodi ya Nyumba

Oda ya mwisho niliyopata kabla ya kazi kukauka ilihusu sili. Mwanafunzi fulani wa ng'ambo, sikujua jina lake naye hakujua langu, alitaka kurasa sita: je, kuporomoka kwa biashara ya ngozi za manyoya ni ushindi wa maadili? Mimi nilikuwa nimeacha chuo kwa kukosa karo. Nilikuwa nasomea digrii za wenyewe, na zilinilipia nyumba.

Nikasoma usiku kucha. Mwaka wa 1983 nchi za Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya zilizuia ngozi za watoto wa sili, wale weupe ambao picha zao zilifanya watu walie. Wainuiti wa kaskazini mwa Kanada hawakuwa wakitegemea watoto hao. Waliwinda sili wakubwa, wakala nyama, wakauza ngozi ili wapate risasi na petroli ya kurudi barafuni. Lakini mnunuzi wa Ulaya hakuwa na muda wa kutofautisha. Aliona aibu, akaacha kununua, bei ikaanguka kwa wote. Mwaka wa 2009 Umoja wa Ulaya ulipofungia bidhaa za sili kwa jumla, uliwaruhusu Wainuiti waendelee kuuza. Sasa wamuuzie nani?

Niliandika kwamba ndiyo, ni ushindi. Mwalimu angependa hivyo.

Baadaye wateja wangu wakapata programu ya kuwaandikia kurasa sita kwa dakika moja. Beshte yangu akacheka: "Si ni poa? Mlikuwa mnasaidia watu kudanganya." Ni kweli. Sikuwa mwindaji anayelisha watoto nyama, na sitaki kujificha nyuma ya Wainuiti. Ila landilodi alipobisha tarehe tano, hakuuliza kama kazi niliyopoteza ilikuwa safi.

Kinachonikera ni yule mnunuzi. Alivaa koti miaka yote, na siku alipolivua akasifiwa. Mimi naona ana deni. Ukifaidi kazi ya mtu kisha ukaamua ni dhambi, huwezi kumwachia yeye peke yake gharama ya kutubu kwako. Beshte yangu anasema hilo deni nimejitungia, hakuna mahali liliandikwa. Labda. Mwanafunzi wangu huenda ameshafuzu. Mimi nina ile insha kwenye laptopu, na malimbikizo ya miezi miwili.