Kuomba Kilicho Chako

Ukitoka Isiolo mjini kwa barabara ya Marsabit, kabla hujafika Archers Post unapita Ngaremara. Jina lenyewe lina Kimaa ndani yake, ngare ni maji. Lakini ukishuka hapo utasikia Kiturkana zaidi. Majirani ni Waborana, Wasamburu na Wameru, na kila upande una hadithi yake ya nani alikuja kwanza. Jina tu linakuonyesha hii ardhi haijawahi kuwa ya watu wa aina moja.

Sasa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka jibu moja. Jamii ijisajili, iitishe mkutano, ichague kamati ya watu 7 hadi 15, iandike kanuni, ardhi ipimwe, hati itoke. Kabla ya hapo, kaunti ndiyo inaishikilia kwa niaba yenu. Mradi ukipita, hata pesa za fidia zinakaa kwa kaunti mpaka msajiliwe. Na hii ni Isiolo, kwenye ramani ya LAPSSET, kwa hivyo miradi si ndoto.

Tuwaachie mawakili vifungu. Mimi nauliza hivi: haki ambayo lazima uende kuiomba ofisini, bado ni haki ama imeshakuwa fadhila?

Swali ni la zamani. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa Pwani: mwenye dai alilete, kisichodaiwa kiwe cha Taji. Mwenye karatasi na mtu wa kumwandikia alipata. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na si ya jina la mtu, waliachwa nje, na familia nyingi baadaye zikaitwa maskwota pale pale kwao.

Marekani walishafanya hivyo mapema. Mkataba wa 1848 na Mexico uliahidi kwamba mali ya Wamexico katika maeneo yaliyotwaliwa itaheshimiwa. Miaka mitatu baadaye California ikapata sheria: kila mwenye ardhi aliyopewa enzi za Hispania au Mexico athibitishe mbele ya tume, la sivyo anaipoteza. Kesi zikavuta miaka na miaka, mawakili wakalipwa kwa ardhi ile ile waliyokuwa wakiitetea.

Lakini kesi inayonikaa kichwani ni ya San Miguel del Vado, New Mexico, juu hao walikuwa na malisho ya pamoja kama sisi. Walidai zaidi ya ekari 300,000. Mwaka 1897 Mahakama ya Juu ikasema malisho yalikuwa ya mfalme wa Hispania, wanakijiji waliruhusiwa kutumia tu. Wakabaki na karibu ekari 5,000, yaani nyumba na mashamba. Mbuzi je? Hilo halikuwa shida ya mahakama. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mahakama ya hapa Kenya ilisema karibu vivyo hivyo: Waafrika ni wapangaji kwa ridhaa ya Taji.

Kuna mtu atasema, bila karatasi bwanyenye wa Nairobi anakuja na yake. Kweli kabisa, na ndiyo maana naona Ngaremara wajisajili, tena haraka. Kukaa nje ya daftari ukisubiri heshima ni anasa ya mtu asiye na ng'ombe.

Ila hati ina tabia yake: inapenda mstari na orodha ya majina. Mfugaji anaishi kwa ruhusa isiyo na mstari, leo nakunywesha kwako, mwaka wa ukame unaonipiga mimi nitakunywesha kwangu. Ukiweka mpaka bila kuandika hiyo ruhusa, jirani wa jana anakuwa mvamizi kwa mujibu wa sheria, na bunduki ziko karibu.

Sheria yenyewe ina kifungu cha malisho, na inataka desturi za wafugaji zizingatiwe. Kwa hivyo kamati ikikaa kuandika kanuni, ianze na mto: nani anakunywesha wakati wa kiangazi, anaomba kwa nani, anakaa siku ngapi. Na wazee wa ng'ambo waitwe wakati huo wa kuandika, kabla sevea hajaleta bikoni.