Huru dhidi ya nani?

Tunapodai mashirika, tume na mamlaka za umma ziachiwe nafasi ya kujiamulia mambo, swali moja huwa tunalipita haraka: ziwe huru dhidi ya nani? Watu wa Hanang, Tanzania, walijibiwa swali hilo kwa trekta.

Serikali iliunda Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, mwaka 1969. Kwa msaada wa Kanada, shirika likafungua mashamba saba ya ngano kwenye tambarare za Basotu, ekari zipatazo 100,000. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Nchi ilihitaji chakula, na kilimo kikubwa kilihitaji wataalamu wasiovutwa huku na huku na siasa za kila siku. Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa na muhajega, malisho bora kuliko yote ya wafugaji wa Kibarabaig, na ndani yake mlikuwa na bung'eda, vilima vya makaburi ya wazee wao walioheshimika. Plau zilipita hapo. Shirika halikuhitaji kura ya mfugaji wala ridhaa ya kijiji chake, lakini nguvu ya dola ilikuwa nyuma yake muda wote. Kwa walio juu lilikuwa mtoto wa nyumbani. Kwa walio chini lilikuwa huru kabisa. Sijui uhuru mbaya kuliko huo.

Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani dhidi ya NAFCO. Mahakama Kuu, Arusha, ikakipa haki. Katika rufaa ya mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo: kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi ile, na wanakijiji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi iliyoachwa na Mwingereza. Mbarabaig, chini ya Mlima Hanang, atakiwe kuthibitisha kwamba ni mwenyeji! Bado inaniuma.

Desemba 1994 mahakama hiyohiyo iliamua shauri jingine. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay, wa Kambi ya Simba, Mbulumbulu, wakati huo wilaya ya Mbulu, walikuwa wameshinda kesi mwaka 1987 na kurudishiwa shamba lao la kimila. Rufaa ikiwa bado haijaamuliwa, Bunge likatunga sheria ya mwaka 1992 iliyofuta haki za namna hiyo vijijini, ikakatisha kesi zilizokuwa zikiendelea, na kuyakabidhi mabaraza migogoro hiyo badala ya mahakama. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakasema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na raia hawezi kufungiwa mlango wa mahakama. Vifungu vikaanguka.

Majaji wa 1994 waliteuliwa na Rais, sawa na wale wa awali. Kilichokuwa kimebadilika ni Katiba. Haki za binadamu ziliingizwa humo mwaka 1984, na mahakama zikaruhusiwa kuzisimamia kuanzia 1988. Baba na mwana walifika wakiwa na kitu cha kushika. Ndiyo maana siridhiki tunapoupima uhuru wa chombo kwa umbali wake na Ikulu peke yake. Napenda kujua mnyonge akifika mlangoni anakuja na nini mkononi, na chombo kinalazimika kumjibu au la.

Chukua Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza mwaka 2001. Katiba inaitambua kuwa idara huru, kisha ibara ya 130 inamwachia Rais uwezo wa kuiagiza akiona maslahi ya umma yanadai hivyo. Ikimaliza uchunguzi, hutoa mapendekezo. Yakipuuzwa, sheria inaipa nafasi ya kwenda mahakamani, na kwangu nafasi hiyo ina uzito kuliko sifa zote ilizopewa na Katiba. Mfugaji wa Basotu aliyeporwa malisho hana haja ya barua ya pole. Anahitaji hukumu itakayomfunga meneja wa shamba.