Gundi Ndani ya Mtepe

Mtepe ninaouunda una urefu wa dhiraa moja tu. Hautapakia boriti wala hautavuka mkondo. Utakaa juu ya kabati ukila vumbi. Hata hivyo sijui raha ipitayo ile ya kukaa barazani alasiri, keekee mkononi, nikitoboa ubao mwembamba kama ukucha.

Kwa asiyeujua, mtepe ulikuwa chombo cha kushonwa. Mafundi wa visiwa vya Lamu hawakuupiga misumari; waliziunga mbao kwa kamba za usumba, wakautwekea tanga la mkeka. Karne ya 20 haikufika mbali ukatoweka, nasi wa leo twaujua kwa picha na kwa mifano midogo kama huu wangu.

Hapo ndipo penye mashaka yangu. Usiku mmoja ubao wa tatu ulikataa kukaa. Nikaupaka gundi kwa ndani, kisha nikapitisha uzi juu yake kwa pambo. Rafiki yangu alipokuja akausifu mshono. Nikamshukuru, na raha ikanitoka.

Nimemdhulumu nani? Hakuna baharia atakayezama. Fundi wa kale alihukumiwa na bahari. Hila yake ingevuja. Yangu haivuji, na kwa sababu hiyo hasa naiona nzito zaidi: atakayeushika mtepe huu nami nimo kaburini atajifunza kwake mshono ambao haukufunga kitu.

Jana nimeubandua ubao. Umepasuka. Nimechonga mwingine, lakini matundu ya zamani hayalingani nao.