Sadaka na Mapendo



Kiingereza kina maneno mawili, "charity" na "love", ambayo zamani yalikaribiana sana, na leo yameachana. Vijana wetu wasomao Biblia kwa Kiingereza hukuta neno hili katika tafsiri moja, na lile katika nyingine, nao huuliza: Mtakatifu Paulo alinena nini hasa katika sura ya 13 ya Barua yake ya kwanza kwa Wakorintho?

Mtume aliandika kwa Kigiriki, akatumia neno "agape". Tafsiri ya Kilatini ikaweka "caritas", na humo likatoka "charity". William Tyndale alipochapisha Agano Jipya kwa Kiingereza mwaka 1526, aliandika "love". Mtakatifu Thomas More akampinga, kwa kuwa "love" lataja kila namna ya kupenda, hata kubaya, bali "charity" lataja pendo jema, lenye utaratibu. Wakatoliki Waingereza waliokimbilia Ufaransa walichapisha Agano Jipya lao huko Rheims mwaka 1582, wakashika "charity". Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 nayo ililishika katika sura hii. Lakini tafsiri hiyo iliposahihishwa, mwaka 1881, "love" likarudi.

Sababu ni kwamba lugha ilikuwa imebadilika. Kwa Mwingereza wa leo "charity" ni msaada wa maskini, au chama kiutoacho. Naye Mtume afundisha kwamba mtu aweza kuwagawia maskini mali yake yote, na kama hana fadhila hiyo, hapati faida. Asomaye "charity" kwa maana ya leo atashangaa: awezaje mtu kutoa vyote, akakosa "charity"?

Hapo ndipo penye fundisho letu. Sisi twasali kuomba imani, matumaini na mapendo. Hatusemi imani, matumaini na sadaka. Yuko atoaye debe la mahindi ili jina lake lisomwe kanisani, na kesho yake mjane aliyelipokea amwamkia njiani, asiitikiwe. Mjane ameshiba, lakini ameaibishwa.

Hata hivyo, "love" nalo lina hatari yake. Mwingereza hulitumia kwa Mungu, kwa mkewe, kwa chai na kwa mpira. Nasi vivyo hivyo twampenda Mungu, na wali twaupenda. Wako wanaowapenda watu wote kwa maneno, wala mkono wao haufunguki. Mtakatifu Yakobo alikwisha kuwaonya wale wamwagao mwenye njaa kwa maneno mema, wasimpe chakula.

Mwaka 2005 Baba Mtakatifu Benedikto XVI alitoa barua yake ya kwanza, "Deus caritas est", yaani Mungu ni upendo. Sehemu ya kwanza yaeleza upendo wenyewe. Ya pili yaeleza jinsi Kanisa linavyoutimiza kwa kuwahudumia wahitaji. Kilichotengana katika lugha hakina budi kukaa pamoja moyoni mwa Mkristu.

Basi, Jumapili hii, kabla ya kutia fedha katika kikapu, kila mmoja amkumbuke yule jirani asiyesemezana naye. Aanzie kwake.