Mtoto Asiyeamkia

Leo twataka kuuliza neno moja, nalo ni hili: Mtu akivunja adabu asiyoiona, je, ana hatia? Wengine watajibu upesi. Nasi zamani tulijibu upesi, na kwa ajili ya jibu letu mtoto mmoja aliumia. Ndiyo sababu twaandika.

Huko Kwa Mathias, katika mji wa Kibaha, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, alikuwako mvulana mmoja katika darasa letu la kipaimara. Jina lake hatulitaji. Miaka yapata 25 imepita tangu siku zile. Kila jioni mtoto huyu aliketi juu ya jiwe karibu na kituo cha magari, ana daftari mkononi, akiandika namba za malori yaendayo Zambia na Kongo. Ukimwuliza lori fulani lilipita lini, alikuambia siku na saa. Katekisimu aliijua yote kwa moyo, hata namba za kurasa. Lakini wazee waliokaa barazani aliwapita kama mtu apitavyo miti. Hakuamkia. Tena watu walipokuwa wakila wakamwambia, “Karibu,” hakujibu, “Ahsanteni, endeleeni,” kama tujuavyo sisi sote pasipo kufundishwa. Alinawa, akaketi, akala. Mara ya kwanza watu walicheka. Mara ya tatu hawakucheka.

Siku moja msibani mzee mmoja alisimulia maisha ya marehemu, akataja mwaka aliozaliwa. Mtoto akasimama kati ya watu, akasema, “Si kweli. Mwaka umeandikwa msalabani, nao si huo.” Na kweli haukuwa huo. Mjane akalia.

Basi watu wakasema: Ana kiburi. Wengine wakasema mama yake hakumfunza. Na neno hili la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza, maana mama yule alikuwa amemchapa hata mkono wake ukachoka. Sisi tulimwita, tukamwambia kwamba kabla ya kipaimara sharti atubu kiburi chake mbele ya wenzake. Akauliza, “Kiburi ni nini?” Tukadhani anatudhihaki. Akatubu. Alisema maneno yote tuliyompa, neno kwa neno, kwa sauti ileile aliyosomea namba za malori, nasi tukafurahi. Sasa twaona kwamba siku ile tulimfundisha kusema uongo mtoto ambaye hatukupata kumsikia akisema uongo, tena mahali ambapo uongo haupasi kabisa.

Waganga wa hospitali wamekwisha kuandika habari za watoto wa namna hii. Mwaka 1926 Grunya Sukhareva, mganga mwanamke wa Moscow, alichapisha habari za wavulana 6 wenye akili, lakini walio kama wageni kati ya wenzao. Mwaka 1944 Hans Asperger wa Vienna aliandika juu ya watoto wanaofanana nao, na mwaka 1981 Lorna Wing wa Uingereza aliiita hali hiyo kwa jina la Asperger. Tangu mwaka 2013 waganga wa Marekani wameacha kuitenga, wakaihesabu ndani ya usonji. (Asperger mwenyewe, kama ilivyoonyeshwa mwaka 2018, wakati wa utawala wa Hitler aliwapeleka watoto wengine katika nyumba ya Am Spiegelgrund, ambamo watoto waliohesabiwa kuwa hawafai waliuawa. Wengi hawapendi tena kulitaja jina lake, wala hatuwalaumu.) Mtu huzaliwa na hali hii, mama hakuileta kwa malezi mabaya, wala fimbo haiiondoi. Yale ambayo wengine huyaokota usoni na sautini mwa mwenzao, yeye hayaoni mpaka ayaambiwe.

Mbona hapa kwetu haionekani? Twadhani ni kwa sababu ya desturi zetu. Vitabu vya Ulaya vyataja kama dalili moja kwamba mtoto hamtazami mtu machoni. Lakini kwetu mtoto asiyemkazia mzee macho husifiwa. Kwa hiyo dalili ile imefunikwa na adabu njema, na upungufu watokea penye salamu, mahali ambapo sisi ni wakali kuliko pote. Tena shule zipo kwa watoto ambao shida yao yaonekana wazi: huko Lushoto shule ya Irente Rainbow, ya Walutheri, ilianza mwaka 2005, na Dar es Salaam shule ya msingi ya Msimbazi Mseto ilifungua darasa la watoto wenye usonji. Lakini mtoto anayewashinda wenzake katika hesabu, nani atampeleka kupimwa? Amefaulu mtihani, basi yatosha.

Turudi kwenye swali letu. Mwenye kiburi huiona heshima impasayo mwenzake, kisha huizuia. Mtoto huyu hakuiona. Lakini tusijidanganye: machozi ya mjane yalikuwa machozi ya kweli, na kutojua kwa mtoto hakukuyakausha. Nani ameumia ni swali moja, nani ana hatia ni swali jingine, sisi tuliyachanganya. Miaka mingi baadaye tulimweleza kwa maneno wazi kwa nini mjane yule alilia. Alinyamaza muda mrefu. Kesho yake alikwenda kwake kwa miguu kumwomba radhi, bila kutumwa na mtu. Mwenye kiburi ukimwonyesha jeraha alilolitia, kwanza hujitetea.

Sasa ni mtu mzima, mtunza hesabu katika duka la vipuri vya magari. Hajapimwa na mganga hata leo, nasi si waganga. Alitueleza kwamba salamu amezijifunza kama watoto wajifunzavyo jedwali la kuzidisha: kwa aliyemzidi umri, shikamoo, kwa wa rika lake, habari za leo, msibani, pole, na kunyamaza. Kila asubuhi kabla ya kutoka huzipitia zote moyoni. Jioni huwa amechoka kama mtu aliyeshinda akilima. Wako wasemao kwamba adabu ya kukariri si adabu, ni kuigiza. Hatukubali. Sisi twasalimu huku mawazo yetu yako sokoni, na mara nyingi hatungoji hata kusikia jibu. Yeye hulipia kila salamu.

Mwezi uliopita alipita kwetu, akatukuta tunakula. Tukamwambia, “Karibu.” Akasimama mlangoni, akauliza, “Karibu hiyo ni ya kula, au ya kupita?” Tukamwambia ni ya kula. Akanawa mikono, akaketi.