Maradhi Yasiyo na Mkosaji

Mtoto ameketi mkekani na wenzake, ugali umeshatengwa. Amemega tonge, mkono uko njiani kwenda mdomoni, mara unasimama. Kichwa kinainama, kinainuka, kinainama tena. Macho yako wazi, lakini ukimwita haitiki. Baada ya muda anazinduka na kushangaa mbona wote wanamtazama. Hayo ndiyo maradhi ya kusinzia kichwa, aina ya kifafa ambayo mara nyingi huamshwa na chakula chenyewe.

Katika miaka ya 1960, daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, aliwakuta watoto wa namna hii Mahenge, wilayani Ulanga nchini Tanzania, pamoja na watu wazima wengi wenye kifafa, akawafungulia kliniki. Alikuta pia hofu. Watu waliamini mate ya mgonjwa huambukiza, kwa hiyo aliyeangukia motoni aliweza kuungua huku wenzake wakiogopa kumgusa, na chakula alitengewa peke yake. Makovu ya wagonjwa wale hayakutokana na ubongo tu. Yalitokana pia na mikono iliyoogopa kushika.

Leo utafiti umesogea mbele. Mahenge, kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, wanasayansi wamekihusisha kifafa hiki na usubi, ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na nzi weusi wanaozaliana kwenye mito ya maji ya kasi. Tuliuzoea usubi kama chanzo cha upofu. Sasa unatajwa katika kifafa cha watoto. Namna hasa unavyoufikia ubongo bado inachunguzwa, lakini kinga inajulikana: kugawa dawa ya ivermectin bila kuruka mwaka, na kuwapunguza nzi mitoni.

Mama wa mtoto yule wa mkekani akielezwa haya yote, amepata nini? Amejua ugonjwa ulikotoka. Hajajua kwa nini umempata mwanawe, ukamwacha wa jirani anayeoga mto uleule. Maelezo ya zamani hayakumwacha na swali hilo: ni laana, ni pepo, ni mkono wa mtu. Yaliyapa mateso maana, lakini maana hiyo ililipiwa na mtu mwingine, awe bibi kizee wa jirani, shemeji au mama mwenyewe. Mto hauna chuki na nzi hana kisasi. Ndiyo maana wapo wanaoliona jibu la sayansi kuwa kavu.

Mimi naona rehema katika ukavu huo. Ugonjwa usio na mkosaji unampunguzia mzazi mzigo wa kujilaumu, na nguvu zilizokuwa zikipotea katika kumsaka aliyeutuma zinarudi kwa mgonjwa. Tumezoea kuitafuta maana ya mateso huko yalikoanzia. Nadhani tunaijenga wenyewe, kwa namna tunavyomtendea aliyepatwa.

Hata hivyo, maarifa hayajitendei kazi. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, maandiko ya tiba ya Wagiriki yanayohusishwa na Hippocrates yalishasema kwamba kifafa hutoka kwenye ubongo na hakina utakatifu zaidi ya maradhi mengine. Bado mpaka leo mtoto anaachishwa shule, binti anakataliwa na wakwe, kijana anafichwa chumba cha uani. Huko upwekeni sonona humkuta, na mtu aliyekuwa na ugonjwa mmoja anakuwa na miwili. Wa pili tumempa sisi.

Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Kidonge cha fenobabitoni ni cha bei nafuu. Kinachowaangusha wengi ni zahanati kukosa dawa na dozi kukatika. Hilo na tulidai bila kuchoka. Lakini wapo ambao dawa haitawatosha, na utu wao hauwezi kusubiri tiba kamili. Aliyeanguka leo msogeze mbali na moto, usimtie kitu mdomoni, mtikisiko ukiisha mlaze ubavu, kisha kaa naye mpaka azinduke. Kumgusa hakuambukizi. Kwake yeye, kukuona bado uko hapo ni jibu ambalo maabara haikuumbwa kulitoa, na kila mmoja wetu anaweza kulitoa.